Sakafu ya Choo cha Bi Mwatima

Mwatumu akienda sokoni asubuhi, mkwewe Bi Mwatima hanywi chai wala maji. Macho ya bibi yamefifia, na miti ya sakafu ya choo chao hapa Tongoni imeoza. Mwatumu ndiye anayemshika mkono humo ndani. Kushikwa na Tahiri, mwanawe wa kiume? Haya haimruhusu. Afadhali abanwe na haja mpaka Mwatumu arudi. Tahiri anayajua hayo, na yanamuuma sana.

"Tumwage zege, mume wangu," Mwatumu alisema tena.

"Mifuko kumi ya saruji tutaitoa wapi? Jirani Saleh alitumia kumi."

"Saleh alimwaga baraza zima, Baba Khairat!" Aliyedakia ni jirani yao Praxeda, fundi mwashi, aliyekuwa akipita uani. "Choo chako umekipima?"

Tahiri akakuna kichwa. Mwaka mzima aliogopa kazi ambayo hakuipima hata siku moja.

Praxeda akatoa futi kamba. "Urefu mita mbili. Upana mita moja na nusu. Unene tuweke sentimita kumi, yaani sehemu moja ya kumi ya mita. Zidisheni."

"Sifuri nukta tatu," Mwatumu akamwahi mumewe.

"Hizo ni mita za ujazo. Zege la choo, kila mita ya ujazo hula mifuko minane. Zidisheni tena."

"Miwili na kitu!" Tahiri akaruka.

"Nunueni mitatu, maana nyingine humwagika. Kila ndoo ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto. Mifuko mitatu ni kama ndoo tano, basi mchanga ndoo kumi na kokoto kumi na tano zitatosha. Na nondo. Ulizeni bei kwanza, mjumlishe na usafiri."

"Mchanga umejaa pwani, bure," Tahiri akasema.

"Thubutu! Ule una chumvi, utazila nondo. Unataka mama adidimie? Chukua wa mtoni."

Walinunua, wakang'oa miti iliyooza, Praxeda akapanga mbao na nondo, wakamwaga. Wiki nzima walikwenda choo kwa Praxeda, na Mwatumu akaimwagia sakafu maji kila siku isikauke haraka ikapasuka.

Kisha Bi Mwatima akapapasa ukuta, akaingia peke yake, akafunga mlango. Tahiri akasimama nje, roho juu.

"Tahiri!"

"Labeka, mama!"

"Wangoja nini hapo mlangoni? Hebu nenda zako!"

Tahiri akaenda zake, anacheka huku machozi yanamlengalenga.