Mama Anakusalimu

Giza lilikuwa linaanza kuingia alipofika getini, chupa ya chai kwapani na shuka safi mkononi. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inakaribia kwisha. Mlinzi alimtazama juu hadi chini, kisha akampisha.

"Haya, dada yake Barafu. Pita. Ila usihamie humo."

Barafu ni mdogo wake. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu anatengeneza mafriji. Lori la saruji lilikosa breki mteremkoni, likalikumba gari lao kwa nyuma, Barafu kwenye usukani na mama pembeni yake. Barafu alisagika nyonga, na mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti. Mama alifia palepale.

Barafu hakujua. Daktari alisema moyo wake haujatulia, habari nzito inaweza kumwondoa. Basi wajomba na mashangazi wakakaa, wakakubaliana: mama yuko wodi ya wanawake, amevunjika mkono, anaendelea vizuri. Kazi ya kuupeleka uongo huo ikamwangukia dada mtu. Kila jioni alimwinamia mdogo wake sikioni na kusema, "Mama anakusalimu."

Mama alikuwa mochwari, nyuma ya jengo lilelile. Hawakuwa wamemzika. Walisubiri ripoti ya uchunguzi, maana bila hiyo kesi dhidi ya wenye lori isingesimama.

Wakili wao alikuwa kwenye benchi la korido, viatu amevua, anajikanda vidole.

"Shikamoo, wakili."

"Marahaba. Keti, mwanangu. Ripoti imetoka, mnaweza kumzika mama." Akashusha sauti. "Wenye lori wanasema mdogo wako alisimama ghafla barabarani. Shahidi wangu ni yeye tu. Kesho nachukua maelezo yake, na lazima nimsomee madai yetu kwanza. Mle ndani mama yenu ameandikwa marehemu."

"Huwezi kuliruka neno hilo?"

"Mimi kazi yangu kugombana na wenye malori, sigombani na wagonjwa. Lakini siwezi kudai fidia ya kifo cha mama ambaye yuko hai wodi ya pili." Akavaa viatu, akaguna. "Mwambie wewe, leo. Asije akalazimika kulia mbele ya mgeni."

Akaondoka akichechemea.

Ndani, Barafu alikuwa macho. Mashavu yamebonyea, lakini anatabasamu.

"Umechelewa. Mama ameshatoka."

Chupa ya chai nusura imponyoke.

"Mama yupi?"

"Una mama wangapi wewe? Kila jioni anakuja ukishaondoka. Leo amewahi. Ananikanda mguu."

"Upi?"

"Huu wa kulia, ndio unaouma." Alionyesha pale shuka lilipolala bapa juu ya godoro. "Ila mikono yake siku hizi ya baridi, Dada. Mwambie avae sweta."

Dada aliliangalia shuka. Lilikuwa na mabonyeo madogo kama ya vidole, manne upande huu, moja upande ule. Na ile harufu... dawa kali, inayowasha macho. Aliijua. Aliinusa mochwari, siku walipomvutia droo ili amtambue mama yake.

"Na bado anasoma," Barafu alisema, akicheka kwa kujizuia asitikise nyonga. "Anasoma kila kitu."

Siku ile ya ajali mama alikuwa ametoka kufunguliwa bandeji, baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Barafu alimkalisha mbele ili aone barabara, naye akawa anasoma vibao vyote njiani kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Korido ikanyamaza.

Kisha...

"Chu... mba... cha... sindano."

Sauti ya mama. Taratibu. Yenye fahari.

"Umemsikia?" Barafu alinong'ona.

Dada alitoka.

Mama alikuwa amesimama chini ya kibao, amempa mgongo, shuka la mochwari mabegani, miguu mitupu.

"Mama."

"Usinisogelee, mwanangu. Nimechoka." Hakugeuka. "Kila jioni unanituma. Ukisema namsalimu, inabidi nije nimsalimu. Salamu zako hazina miguu, zinatumia yangu."

"Nikimwambia atakufa."

"Mimi niliomba macho, nikapewa. Sasa kila jioni nikitoka nasoma kibao cha mlango wangu." Sauti ikakatika. "Herufi zote, mwanangu."

Nyuma ya dada magurudumu yalilia. Aligeuka: nesi na toroli la dawa. Alipotazama tena, chini ya kibao palikuwa patupu.

"Unaongea na nani?"

"Na mama."

Nesi alitazama sakafuni. Kulikuwa na unyevu, mfano wa nyayo. Akasukuma toroli kwa haraka zaidi.

"Mwambie mgonjwa wako ukweli, dada," alisema bila kugeuka. "Sisi wengine tunakesha humu."

Alirudi ndani, akaketi kitandani, akaushika mkono wa Barafu. Alimwambia yote. Kwamba mama alifariki barabarani. Kwamba hakuna wodi wala mkono uliovunjika. Kwamba wote walijua ila yeye.

Dada alimwekea kiganja kifuani. Moyo ulikuwa unapiga. Ulikuwa unapiga tu.

"Nilimkalisha mbele," Barafu alisema.

"Lori halikuuliza nani kakaa wapi."

"Alisoma kibao, Dada. 'Pu-nguza... mwe-ndo.' Nikamwambia, haya mama, kwa kuwa umesoma wewe. Nikapunguza." Machozi yalimshuka hadi masikioni, kwa kuwa hakuweza kugeuka. "Wale wa nyuma hawakusoma."

"Kesho umwambie wakili hivyohivyo."

Aliitikia kwa kichwa. Kengele ya kufunga wodi ikalia. Dada akasimama, na Barafu akamshika mkono wa gauni.

"Mguu unauma."

"Nimwite nesi?"

"Hapana." Alilamba midomo. "Niambie kama jana. Mara moja tu."

"Tunamzika keshokutwa, Barafu."

"Najua. Mara moja, Dada. Sijamuaga."

Dada aliitazama ile sehemu bapa ya shuka. Huko koridoni nyayo tupu zilizokuwa zikienda zake zilisita, kama za mtu anayedhani ameitwa.

Akamwinamia sikioni, na mdomo ukafunguka kabla hajaamua.