Chupa Isiyopungua

Jumanne, saa tatu asubuhi, Yusuph wa miaka miwili alirudishwa kituo cha afya pale Bigwa akihema kwa shida, mbavu zinabonyea. Ni nimonia ileile ambayo Dokta Mwanahawa alikuwa ameiandikia dawa ya maji ya siku saba. Leo ilikuwa siku ya sita.

"Dawa feki hiyo," alisema Bonifasi, mwanafunzi wake wa udaktari. "Tumripoti Abdulatif, duka lake la dawa lifungwe."

"Taratibu. Watoto wanne wamenunuliwa chupa za boksi hilohilo, na wote wamepona."

Bonifasi akamgeukia mama wa mtoto, Zawadi. "Basi wewe umeruka dozi."

"Haki ya Mungu, hata moja!" Zawadi akatoa kalenda. Kila siku ilikuwa na alama tatu za kalamu.

Mwanahawa aliinua chupa dirishani. Ilipaswa kubaki na dawa ya vidole viwili tu, lakini ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Tena ile rangi ya waridi ilikuwa imepauka kama maji ya kusuuzia kikombe. Aliyeruka dozi hubakiwa na dawa, ila haipauki.

"Mama Yusuph, nani mwingine anakunywa dawa hii?"

Zawadi aliangua kilio.

"Mtoto wa Editha, wa Mgeta. Mwezi wa kwanza tulilazwa kitanda kimoja hapa, watoto katikati. Siku ya tatu ya dawa hii akapiga simu, wake anakohoa, na ana wengine watatu hana wa kumwachia. Lori la mboga lilikuwa linapanda kwenda Mgeta, nikampelekea nusu. Yangu nikajazia maji ya kuchemsha. Ningemnyima vipi, Dokta?"

"Dozi pungufu haiui vijidudu vyote," Mwanahawa alimwambia Bonifasi polepole. "Vinavyobaki ndivyo sugu." Tangu asubuhi alikuwa na hasira, na sasa hakujua amkasirikie nani.

Alimwandikia Yusuph sindano, kisha akampigia Editha.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Bado anakohoa, ila msihofu, dawa ipo. Nimemgawia hata Salimu wa jirani, nikajazia maji kama Mama Yusuph alivyonielekeza."

Mwanahawa alifumba macho. "Editha, na mama yake Salimu amemgawia nani?"

Mlango ulisikika ukifunguliwa upande wa pili.

"Ngoja nikamuulize."