Nyumba Zinazoitika

"Hodi!" Mwalimu Chilongani aliita mbele ya nyumba ya kwanza, na nyumba ikamjibu kabla hajashusha mkono.

"Karibu, baba, karibu! Nina udhuru kidogo jikoni. Pita kesho tuzungumze."

Ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo, yenye kikohozi chepesi mwishoni. Nyuma ya mlango nazi ilikuwa inakunwa, na moshi wa makumbi ulipenya taratibu kwenye makuti. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, alama za ufagio bado mbichi mchangani.

"Watu wakarimu," mwalimu alisema kwa furaha.

"Humo hamna mtu," Mhandisi Tunu Mfaume alimjibu. "Hata nazi hamna."

Kilichomjibu mwalimu kinaitwa mwitikizi. Ni kisanduku kama tofali, hufungwa juu ya kizingiti. Hujifunza sauti ya mwenye nyumba kwa miezi mitatu, na mwenye nyumba akihama, chenyewe hubaki kikiitika kwa niaba yake, kikichoma makumbi saa za mapishi na kutoa kigari cha kufagia kila alfajiri. Tunu ndiye aliyekibuni, na alikibuni kwa ajili ya wezi. Wezi wa Nangulwe walikuwa na adabu zao: walipiga hodi kwanza, na wakiitikiwa waliomba maji ya kunywa wakaenda zao.

Kisha bahari ikameza barabara. Zahanati ikahamishwa, shule ikafuata, na watu wakaondoka mmoja mmoja kwenda Lindi na Mtwara. Kila aliyeondoka aliacha mwitikizi wake. Kampuni ya Pwani Hai ilipozikuta nyumba thelathini na tisa safi, zenye moshi na sauti, ikaanza kuwauzia watu wa bara wanaotamani kuishi karibu na bahari.

Mwalimu Chilongani alikuwa mmoja wao. Alikuwa mstaafu kutoka Dodoma, mjane, na alitaka kununua nyumba mbili: moja ya kuishi, moja ya kulaza wageni. Alikuwa amesafiri saa mbili ndani ya kipitatope, chombo cha miguu sita kinachotambaa juu ya matope ya mikoko, akatapika mara mbili bila kulalamika. Kipitatope hakijui kuogelea. Maji yakianza kujaa hupiga filimbi na kuondoka chenyewe, uwe umepanda au hukupanda. Kazi ya Tunu, aliyetumwa na kampuni, ilikuwa kumfanya mwalimu atie sahihi kabla ya filimbi hiyo. Lakini hakupenda kudanganya watu uso kwa uso. Mashine zake zilitosha kwa kazi hiyo.

"Sasa nani anaishi hapa?" mwalimu aliuliza.

"Mama yangu."

"Basi nipeleke kwake, Injinia. Nikimwona mtu mmoja tu anaishi Nangulwe kwa raha, natia sahihi leo hii."

Wakapita katikati ya kijiji. Nyumba zilizosikia nyayo zao zilianza kukaribisha hata bila kuitwa, moja ikiiachia nyingine, karibu, karibu, pita kesho. Kwenye nyumba ya Bi Zaituni kikatoka kicheko kirefu, na Tunu akakitambua. Miaka miwili nyuma alikuwa Mtwara kwenye mazishi ya Bi Zaituni. Mwalimu aliacha kutabasamu, akawa anatembea karibu naye zaidi.

Bi Somoe, mama yake Tunu, alikuwa amekataa kuhama. Kwa hiyo Tunu alimfungia mashine ya aina nyingine, mjuliahali, yenye sauti ya Tunu mwenyewe. Kila siku saa kumi alasiri hupiga hodi kutoka juu ya mlango wa mbele, ikamuuliza mama habari za chakula na dawa, ikazungumza naye kwa muda anaotaka. Baadaye humtumia Tunu taarifa huko Dar es Salaam, yenye mistari mitatu: Amekula. Amekunywa dawa. Amecheka. Tunu alikuwa ameisoma taarifa hiyo kila siku kwa miaka sita, na kwa miaka hiyo sita hakuwahi kuja.

Alisimama barazani. "Hodi, mama! Ni mimi, Tunu."

Kimya. Akaita mara ya pili. Kimya tena.

"Nyumba zisizo na watu zote zimetuitika," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Hii yenye mtu imenyamaza."

Tunu aliijua mashine yake. Hata kama mama amekufa, ingeweza kuokota kicheko cha zamani na kukituma kila jioni, na yeye angekisoma na kulala usingizi mzuri. Akaita mara ya tatu.

"Leo umewahi," mtu alijibu kutoka ndani. "Saa kumi bado."

"Mama! Ni mimi mwenyewe, nimekuja!"

"Ndivyo unavyosema kila siku."

"Kweli mama, ni mimi. Chungulia basi dirishani."

"Mwanangu hapigi hodi kwenye nyumba aliyozaliwa," Bi Somoe alisema bila hasira. "Hupita uani, akafunua chungu, ndipo akumbuke kusalimia. Nimemgombeza kwa hilo tangu mdogo, hasikii. Nenda, urudi saa yako."

Ilikuwa kweli tupu. Tunu alipoitengeneza mjuliahali aliifundisha kupiga hodi, kwa kuwa ndivyo wafanyavyo wanaokuja kujulia hali. Na leo amekuja kwa miguu yake mwenyewe, akafanya vilevile. Aliona aibu kuliko siku yoyote maishani mwake.

Alimwacha mwalimu barazani, akazunguka nyuma. Mlango wa uani ulikuwa wazi, umezuiliwa kwa kipande cha jiwe la kusagia, kama enzi za utoto wake. Jiwe lilikuwa limekaa pale muda mrefu hata majani yameota kulizunguka.

Alikuwa hajavuka kizingiti saa kumi ilipofika.

"Hodi, mama! Ni mimi, Tunu," ikasema sauti kule mbele. Ilikuwa sauti yake, ila haina uchovu.

"Karibu, mwanangu, karibu!" Bi Somoe alicheka. Kupitia ukumbini Tunu alimwona amekaa mkekani chini ya mashine, amempa mgongo.

"Umekula, mama?"

"Nimekula."

"Na dawa?"

"Nimekunywa. Sikia, leo kaja mwenzio, akapiga hodi kama wewe. Nimemfukuza. Sauti yake imechoka, maskini. Lile jicho la kushoto limezima kabisa sasa. Juzi nimejimwagia uji wa moto mkononi. Lakini usimwambie Tunu. Ana kazi nyingi."

"Sitamwambia, mama," ikajibu sauti ya Tunu.

Tunu mwenyewe ndiye aliyeifundisha kutunza siri, akidhani ni kumheshimu mzee. Alijiziba mdomo kwa kiganja ili asipige kelele. Kumbe mama alijua muda wote anaongea na nani.

Filimbi ya kipitatope ililia kutoka ufukweni. "Injinia, maji yanajaa!" mwalimu aliita. Alikuwa amesikia kila neno, na kalamu ilikuwa bado mfukoni mwake.

Tunu alikwenda kwenye mafiga ya uani, akainama, akafunua chungu. Kulikuwa na mihogo.

"Kuna mihogo tu leo?" aliuliza, machozi yakimtiririka.

Ukumbini aliyewahi kusema ni mashine.

"Mama," iliuliza kwa sauti ya Tunu, "kuna mgeni uani?"

Bi Somoe aligeuka polepole, akitanguliza jicho la kulia. Akamtazama muda mrefu yule aliyesimama na mfuniko mkononi.

"Hapana," alisema. "Mgeni angepiga hodi."