Kadi Iliyoingia, Haikutoka

Pikipiki yenye magunia ya mkaa ilikata katikati ya soko la Manika kana kwamba njia ni ya baba yake, ikamrushia Blandine matope kwenye kitenge chake kipya cha njano. Kijana mrefu mwenye shati jeupe akapiga goti, akaanza kufuta.

"Acha, tata, watu banatuangalia!"

"Baangalie tu. Leo Jumamosi ya Pasaka, mama muzuri hawezi kurudi kwabo na matope."

"Na weye, hauna kazi?"

"Niko nayo, nachimba ku kariere. Lakini leo niko mu konje, napumuzika, sababu Mungu alijua utapita hapa."

Blandine akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Alimpa namba, na jioni hiyohiyo kijana yule, Guelord, hakuchoka kupiga simu.

"Chérie, ulikula?"

"Nilikula."

"Bila mi? Unanionea!"

Kuanzia kesho yake simu zikawa adimu. Mdogo wa Guelord, Elisée, alikuwa ametoweka. Majirani walisema amevuka kwenda Zambia kutafuta maisha. Mama yao, Mama Kapinga, pale mtaani Musonoi, alimwekea sahani ya bukari, ule ugali wa kwao, kila jioni. Blandine alijua hayo yote, lakini wivu hauna adabu, akaamini kuna mwanamke mwingine.

Kazi yake ilikuwa kutunza programu ya kampuni iliyopeleka vibarua mgodini, akiwemo Guelord. Kadi ikigusa mashine ya langoni, kompyuta inaandika nani kaingia, nani katoka. Rekodi zikizeeka, baada ya miezi mitatu, programu inazifuta yenyewe kila Jumapili ili mashine isilemewe. Blandine mwenyewe ndiye aliyeipanga hivyo, na kila Ijumaa alipitia zile zilizokuwa zinaondoka.

Ijumaa moja ya kiangazi akaona jina la Guelord. Jumamosi ya Pasaka kadi yake iliingia asubuhi, na haikutoka. Lo! Si ndiyo siku ile alipiga goti sokoni? Na siku hiyohiyo ukuta wa shimo la mgodi uliporomoka, wakubwa wakasema watu wote wazima, shimo likafukiwa. Blandine akanyakua mkoba wake, akaenda Musonoi.

Alimkuta Guelord nje ya nyumba yao, amekonda, vumbi hadi kwenye kope.

"Nani aliingia na karte yako Jumamosi ya Pasaka? Jumapili kompyuta itafuta ile rekodi."

Machozi yakamtoka Guelord.

"Elisée. Yeye hakukuwa na kazi, nilimupatia siku moja tu, mi nikaenda kutembea. Jumatatu nikasema karte ilipotea. Bakaniona muzima, bakaacha kutafuta."

"Guelord! Unaona mama anamuwekea chakula, na unanyamaza?"

"Niliogopa. Chérie, acha Jumapili ifute. Batanifunga mu buloko."

"Naweza kuisimamisha isifute. Nakupenda mpaka naumwa, lakini sitaolewa na mutu mwenye kuficha ndugu yake mu udongo. Sema weye mwenyewe."

Ndani, mwiko uligonga sufuria. Sauti ya Mama Kapinga ikatoka: "Guelord, Elisée alitelefona?"

Guelord akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Isimamishe," alisema.

La kuvunda halina ubani. Blandine aliisimamisha, na Jumatatu wakaenda pamoja kueleza. Shimo likafukuliwa, Elisée akapatikana, kadi ya kaka yake ingali shingoni. Baada ya maziko Guelord akafungwa, na Mama Kapinga akakataa hata kusikia jina lake. Wiki baada ya wiki, Blandine alibeba chakula gerezani peke yake, watu wakinong'ona juu yake.

Siku moja alipopita Musonoi, Mama Kapinga akamwita. Alishika sahani ya Elisée, imefunikwa kitambaa, ikitoa mvuke.

"Mupelekee. Umuambie sijamusamehe. Lakini akule."

Guelord aliitambua sahani kabla ya kuifunua. Alilia kama mtoto mdogo, mbele ya wafungwa wote.

"Blandine, utaningojea mpaka nitoke?"

Blandine akamshika mkono kupitia nondo, naye machozi yakimtiririka.

"Kula kwanza," alisema. "Mama alipika."