Mtungi wa Mgeni

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kufagia baraza, kumwagilia miche ya nyanya iliyooteshwa kwenye makopo, na kumpelekea babu yake chai. Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Babu ndiye aliyempachika, kwa sababu alipojifunza kusema hakunyamaza tena. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata mama yake alikaribia kulisahau lile jina jingine.

Chai ya babu haikutiwa sukari. Babu aliipokea kwa mikono miwili na kushukuru kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuletewa. Kisha alitoa mfukoni kikopo cha bati, akachota chumvi kwa ncha za vidole na kuitia kikombeni. Alikoroga, akaonja, akafumba macho kidogo.

"Hapo sasa imekuwa chai," alisema kila siku.

Mama yake Chiriku, ambaye ndiye binti wa babu, alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, na chumvi ile aliizoea tangu utotoni. Chiriku naye aliizoea, mpaka siku aliyokuja mwanafunzi mwenzake kuazima kitabu cha hesabu. Huyo alikuwa kijana mwembamba ambaye darasa zima lilimwita Mrefu. Alimkuta babu na kikopo chake, akakodoa macho, akachukua kitabu akaondoka. Aliyoyaona aliyasema kesho yake. Alisimulia darasani kwamba kwa kina Chiriku chai inaungwa kama mchuzi, na wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo Chiriku akipita uwanjani hakukosekana wa kusema, "Jamani, nani ana mboga? Chumvi imefika."

Mrefu hakuwa na roho mbaya. Alipenda kuchekesha tu, na mtu anayependa kuchekesha hasikii neno lake linapomwangukia mwenzake. Chiriku, aliyezoea kumjibu kila mtu, safari hii aliharakisha hatua. Alirudi nyumbani na kumwona babu yake kwa macho ya wale waliocheka.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa Kiswahili aliwapa kazi. Kila mwanafunzi amwulize mzee wa nyumbani kwao walitoka wapi, na kitu gani alikipenda huko. Aandike kurasa mbili. Insha zote zingeshonwa pamoja ziwe kitabu cha maktaba ya shule, na zile nzuri zaidi zingesomwa siku ya wazazi. Walipewa siku kumi.

Chiriku hakusema lolote nyumbani. Mama ndiye aliyepata habari kwa mzazi mmoja aliyeleta sketi ipunguzwe, naye akamwambia babu. Mzee alifurahi kama aliyerudishiwa mwanawe aliyepotea. Alasiri ile aliketi kwenye benchi lake nje ya mlango, akaweka kigoda mbele yake, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

Chiriku aliporudi na mkoba, babu alimwonyesha kigoda. Chiriku akasema ana hesabu nyingi, watazungumza kesho.

"Haya, mjukuu wangu. Kesho nayo ni siku," babu alisema.

Kesho yake kigoda kilikuwa palepale, na keshokutwa pia. Mama alimsikia baba yake akinong'ona peke yake huku akikunja vidole kimoja kimoja, kama mtoto anayekariri jedwali. Alipomwuliza, mzee alisema anazipanga nyumba kumi na mbili za kijijini kwao kwa mstari, ili mtoto akija azikute tayari. Mama alimhimiza Chiriku mara mbili, na mara mbili Chiriku alisema ndiyo. Lakini alijua babu akianza kusimulia habari za kwao, chumvi haitakosekana, na yeye alikuwa ameichoka chumvi.

Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi, aliandika mwenyewe. Dukani karibu na kwao palikuwa na kalenda yenye picha ya milima ya kijani na maporomoko ya maji. Akaihamishia picha ile kwenye daftari. Aliandika kwamba kwao babu kulikuwa na milima inayofunikwa na ukungu, maua kila njia, na chemchemi yenye maji matamu kama asali. Juu kabisa aliandika: *Haya nimesimuliwa na babu yangu.*

Ilikuwa insha nzuri. Mwalimu aliisifu mbele ya darasa na kuichagua isomwe. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuna aliyetaja mchuzi. Chiriku alifurahi nusu siku, mpaka alipokumbuka nani huja siku ya wazazi.

Babu alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi na binti yake. Ukumbi ulikuwa umejaa, na mwalimu alipomwona mzee amesimama ukutani alimletea kiti chake mwenyewe, akakiweka safu ya mbele. Chiriku alipoitwa, alikwenda mbele na insha yake. Alisoma bila kuinua macho. Alipofika kwenye maji matamu kama asali, aliinua mara moja tu. Babu alikuwa ameinama mbele, mkono nyuma ya sikio, kama anayejaribu kutambua sauti ya mtu asiyemjua.

Watu walipiga makofi. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, akamgeukia babu na kumwuliza kama ndivyo kulivyokuwa.

Babu aliushusha mkono kutoka sikioni. Chiriku alitazama vidole vya miguu yake.

"Mjukuu wangu amesoma vizuri," babu alisema mwishowe. "Sauti imefika mpaka nyuma."

Makofi yakapigwa tena. Wakati wa kurudi, babu alimshika mkono kuvuka barabara kama siku zote.

Kesho yake alasiri kigoda hakikuwepo nje. Kilikuwa kimerudishwa jikoni, chini ya meza. Asubuhi iliyofuata Chiriku alipopeleka chai, babu aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanywa. Hakutoa kikopo. Chiriku alingoja. Kisha akamwambia kwa sauti ndogo kwamba amesahau chumvi.

"Sikusahau. Leo situmii," babu alisema.

Hakutumia siku ya pili wala ya tatu. Mama alipomwuliza kama anaumwa, alisema hapana, mtu huzoea tu ya mjini. Kikopo kilikaa juu ya rafu kando ya sabuni. Alilotaka Chiriku lilikuwa limetimia, na kila alipokitazama kikopo kile aliondoka kabla ya kumaliza chakula.

Siku ya nne alimwendea mama yake. Mama alikuwa akishona shati la mteja. Chiriku akamweleza yote, kalenda, chemchemi, na kicheko cha shuleni, na machozi yakamtoka kabla hajafika mwisho. Mama hakumgombeza. Alisimamisha cherehani, akamwonyesha bega la shati, ambapo mshono ulikuwa umekwenda kombo.

"Huu naweza kuupiga pasi, mteja asiuone leo," alisema. "Lakini atauvaa. Mshono uliokwenda kombo haufichwi, mwanangu. Unafumuliwa, unashonwa upya. Anza kwa babu, umalizie kwa mwalimu."

Chiriku alichukua kigoda chini ya meza, akakipangusa, akaenda nacho nje. Alikiweka mbele ya babu, akaketi, akaomba radhi. Alisema kila kitu, hata kwamba alimwonea haya.

Babu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha nyingi, lakini kisicho na chuki.

"Watu husema majuto ni mjukuu," alisema. "Wangu mimi amekuja na kigoda chake."

Chiriku alimwuliza kwa nini hakumwumbua pale ukumbini. Babu alimjibu kwamba alitafuta neno la kweli la kusema, na la kweli alilolipata ni kwamba amesoma vizuri. Basi akalisema hilo.

Ndipo akaanza kumsimulia. Kwao hakukuwa na milima wala maua. Kulikuwa na uwanda mweupe kando ya ziwa, na jua kali. Watu wa kule walikuwa wapika chumvi. Walikwangua udongo, wakautia katika vyungu vilivyotobolewa matundu chini, wakamimina maji, na yale yaliyodondoka wakayachemsha mpaka ikabaki chumvi nyeupe. Visima vyao navyo vilikuwa na chumvi. Maji hayo ndiyo waliyokunywa na kupikia tangu kuzaliwa. Mgeni akinywa hutema, na watoto hucheka wakijua huyu katoka mbali.

"Sasa nikinywa chai bila chumvi naona kama nakunywa nyumbani kwa mtu," babu alisema.

Lakini alichokipenda zaidi hakikuwa chumvi. Kila nyumba ilikuwa na mtungi mmoja wa maji ya mvua, umefunikwa kwa kifuniko cha mbao. Uliitwa mtungi wa mgeni. Mvua ilikuwa haba, na maji yale matamu hayakuguswa na mwenye nyumba, hata kiangazi kiwe kirefu namna gani. Yalingoja yeyote atakayepita njiani na kiu. Watoto walizunguka mtungi ule wakiunusa, na hakuna aliyefunua. Baadaye ziwa lilipanda, likameza visima na mashimo ya udongo wa chumvi, watu wakatawanyika. Leo huwezi kwenda kupaona. Pako chini ya maji.

Chiriku alifungua daftari, akaomba azitajiwe zile nyumba kumi na mbili alizoambiwa na mama. Babu akainua mkono na kuanza kukunja vidole. Nyumba ya Mama Mapacha. Nyumba ya Mzee Kofia. Nyumba ya mpiga ngoma aliyeogopa radi. Alifika ya kumi, akasita. Akarudi mwanzo, akahesabu tena, akasita palepale.

"Ya kumi na moja ni ya yule mama," alisema polepole. "Niliugua homa, mdogo kuliko wewe. Alifunua mtungi wake wa mgeni akaniletea bakuli. Akasema, leo wewe ndiye mgeni. Nauona mkono wake. Naliona bakuli, lina ufa ukingoni. Jina…"

Alipapasa ukingo wa benchi kwa kidole. Sauti ya cherehani ilikuwa imekoma barazani.

"Wiki ile nilikuwa nalo," alisema. "Nilikuwa nimekushikia."

Hakusema kwa kulaumu, na hilo ndilo lililomwuma Chiriku zaidi. Siku zote zile kigoda kilikuwa pale nje, na jina lilikuwepo. Walikaa mpaka giza likaingia, na la kumi na mbili nalo halikuja.

Kesho yake Chiriku alimfuata mwalimu ofisini. Mwalimu alisikiliza, akaenda maktaba, akakata uzi wa kitabu na kuzitoa zile kurasa mbili. Alimwambia kwamba nafasi yake itabaki wazi mpaka alete za kweli. Ijumaa alizileta, na yeye mwenyewe akaomba kuzisoma mbele ya darasa. Alisoma kuhusu uwanda mweupe, visima na mtungi. Alipofika kwenye chai ya chumvi, alimtazama Mrefu, akaendelea. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu alipokea kurasa, akaona mistari miwili mitupu mwishoni mwa majina, akauliza sababu. Chiriku akaeleza kwamba babu alikuwa anayajua, na yeye alichelewa kumwuliza.

Mwalimu aliiweka karatasi mezani kwa uangalifu. "Hii nitaiacha hivihivi," alisema. "Ningewapa onyo refu, lakini mwenzenu ameshawaandikia kwa mistari miwili. Msione haya kwa mlikotoka, maana kila mahali pana mtungi wake. Na mzee akikuwekea kigoda, keti siku hiyohiyo. Uongo unaweza kufumuliwa, kama alivyofanya Chiriku. Siku uliyoiacha ipite haifumuliki."

Jumamosi asubuhi Mrefu alikuja kurudisha kitabu cha hesabu. Alisimama mlangoni akikunja pembe ya kitabu, kisha akamwomba babu radhi kwa kuyatoa ya nyumbani kwake nje. Babu alimwambia aketi, akaulizia habari za wazazi wake, akamtania kwamba akiendelea kurefuka hivyo atawaangulia papai bila ngazi.

Chiriku alileta vikombe vitatu. Katika kikombe cha Mrefu alitia sukari, vijiko viwili vilivyojaa, kuliko walivyojitilia wenyewe siku yoyote. Kisha akakichukua kikopo juu ya rafu, akachota chumvi kwa ncha za vidole, akatia katika kikombe cha babu na katika chake.

Alionja. Uso ulimkunjamana, lakini hakutema.

"Hapo sasa imekuwa chai," babu alisema.

Kisha akakunja vidole chini ya kikombe, kimoja kimoja, mpaka kumi, akangoja la kumi na moja, kana kwamba kuna mtu anayekuja.