Saba Isiyo na Mkato

"Huu mpira kaandika nani?"

Mume wangu aliacha kufunga zipu ya begi lake la kriketi. Mkononi nilishika mpira wa tenisi, bado una unyevu, umeandikwa saba kwa wino mweusi.

"Ni mipira ya mazoezi tu hiyo. Iko mingi."

"Sijauliza iko mingapi. Nimeuliza kaandika nani."

"Mke wangu, saba ni saba."

Aliniambia hivyo mimi, mwalimu wa hesabu, miaka kumi na sita nasahihisha madaftari. Saba zangu zina mkato katikati. Hii haikuwa na mkato, halafu mkia wake ulipindishwa kwa madaha.

Kabla hajaitwa timu ya taifa, kabla mashabiki hawajampa jina la Kisiki kwa kuwa warushaji walishindwa kumng'oa, mimi ndiye niliyekuwa namrushia kwenye korido ya nyumba tuliyopanga. Naandika namba kwenye mipira ya tenisi, naichovya kwenye ndoo ya maji ili ije na uzito, namlenga usawa wa kidevu. Yeye aitaje namba kabla mpira haujamfikia. Hakuna kocha aliyetufundisha. Wapenzi wengine walikuwa na wimbo wao, sisi tulikuwa na ndoo.

"Umempa mtu mwingine mchezo wetu," nikasema.

Simu yake ikalia kitandani. Niliiwahi.

*Saa tisa, ukumbi uleule. Mipira nimeshaloweka. Mkeo asijue, kama ulivyotaka.*

Jina lililohifadhiwa: Mkono wa Kushoto.

"Huyu ni mwanamke?"

"Ni mrushaji wa timu ya wanawake."

"Nimeuliza kama ni mwanamke."

"Ndiyo." Akaichukua simu yake taratibu. "Nikirudi nitakueleza."

Akaondoka na begi lake. Nikampigia dada yake.

"Wifi, kaka yako ana mtu."

"Yupi, huyu anayelala kakumbatia gongo la kriketi? Huyo mtu anakutana naye saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Basi nenda ukaone kwa macho yako. Mimi kwenye simu nitakusaidia nini?"

Nilivaa raba, maana sikujua siku ingeishaje.

Timu ya wanawake ina ukumbi mmoja tu wa mazoezi, nyuma ya shule moja. Mlango wa chuma ulikuwa umeegeshwa tu. Nikachungulia. Nilijiandaa kukuta vicheko, mkono begani, labda na zaidi. Nikamkuta mume wangu kavaa helmeti, kaegemea ukuta, anahema. Hatua kumi mbele yake alisimama binti mrefu na ndoo ya mipira.

Binti akarusha kwa kushoto. Mpira ukaja usawa wa kidevu. Mume wangu akafumba macho, akaanguka kwa magoti.

"Namba?"

"Sijaiona."

"Ya sita hiyo unaikosa leo, kaka. Kesho kocha anakupima. Akikuona unafumba macho, kwenye ziara hakupeleki."

"Najua. Rusha."

Ndipo nikakumbuka. Miezi minne nyuma mpira ulimpiga kwenye helmeti, uwanja mzima unatazama, nami natazama. Hospitalini nilimshika mkono nikamwambia, "Ukirudi tena uwanjani, usinikute nyumbani." Mimi nilikuwa nimeshasahau maneno hayo. Yeye hakusahau.

Nitasema ukweli wangu. Ningemkuta kifuani kwa yule binti, ningejua la kufanya. Lakini kumkuta kapiga magoti, anaogopa, mbele ya mwanamke mwingine, wivu ulinipanda. Woga wake ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nauona peke yangu.

Nikasukuma mlango.

"Shikamoo, dada," binti alisema, mpira ukamponyoka.

"Marahaba. Kaa pembeni kidogo."

Mume wangu alivua helmeti. Hakuinuka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema utaondoka."

"Nilisema nikiwa naona damu sikioni mwako."

"Na ulimaanisha."

"Nilimaanisha. Kwa hiyo ukaona bora ukaogopee kwa mwenzangu?"

"Kwako nilitaka nibaki Kisiki."

"Kisiki gani? Mimi nimekujua ukiwa fito."

Akacheka kidogo, machozi yanamtoka. Nikaitazama ile ndoo. Nikimrushia, namrudisha mwenyewe kwenye mipira ambayo nusura iniachie ujane. Nisipomrushia, mwenye mkono wa kushoto yupo. Wivu ulinifikisha nusu ya njia hadi kwenye ndoo, nusu nyingine nilitembea mwenyewe.

"Nipe kalamu ya wino," nikamwambia binti.

Alinipa. Nikainama, nikazitafuta saba zote, nikazitia mkato mmoja mmoja.

"Vaa helmeti, baba."

Wa kwanza, akaanguka. Wa pili, akaanguka.

"Namba?"

"Sijaiona."

"Unautazama mkono wangu kuona kama nimekasirika. Nimekasirika, tayari unajua. Sasa tazama mpira."

Wa tatu alibaki wima, ila macho kafumba. Wa nne niliurusha kwa nguvu zangu zote, pamoja na hasira ya mchana kutwa. Akauangalia unakuja. Akageuza kidevu kidogo tu, ukampita shavuni ukagonga ukuta.

"Namba?"

"Saba."

"Ya nani?"

Alinitazama kupitia vyuma vya helmeti.

"Ina mkato," akasema. "Ni yako."

Yule binti aliokota begi lake, akatoka bila kuaga. Sikumzuia, ingawa moyoni nilimshukuru kidogo. Kidogo sana.

"Nikipita kesho, nikasafiri," mume wangu akauliza, "nikirudi nitakukuta?"

Nilichovya mkono kwenye ndoo nikatoa mpira mwingine.

"Utanikuta koridoni, na ndoo. Haya, simama vizuri."