Sabuni Katika Chupa ya Uji

Nawaandikia ninyi majirani zangu wa Kibugu, na kila mama anayeosha chupa ya juisi na kuiweka kando. Ketini kidogo mnisikilize.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado juu ya majani chai, na jikoni kwa Nelius palinukia uji wa wimbi. Nelius ni mke wa Njeru, jirani yangu. Nikiugua, huniletea kuni bila kuitwa. Hatupi kitu huyo. Vipande vya sabuni vilivyobaki huvichemsha, akavitia kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni ambayo huchoma mkono, akapata maji mazito ya kusugulia sakafu, yenye rangi kama ya uji. Huyamimina katika chupa za juisi. Uji wa mumewe wa kubeba shambani huenda katika chupa hizohizo.

Nilikuwa nimemwambia, "Nelius, weka hata alama."

Akacheka, akaniita bibi kwa lugha yetu. "Cucu, mimi na jikoni yangu tunajuana. Nani atakunywa sabuni, ng'ombe?"

Sasa alikuwa ameinama kusugua sakafu, nami nimeketi mlangoni. Akachukua chupa pale konani, akafungua kifuniko, akanusa. Akanigeukia.

"Cucu, huu ni uji."

Mnaelewa maana yake. Njeru alikuwa ameondoka na ile nyingine, kwenda kuchuma chai na baba yake, Mzee Kivuti. Nelius alipiga simu. Simu ya Njeru ikalia palepale mezani, kwenye chaji.

Alikimbia bila viatu. Nilimfuata na fimbo yangu, nikiteleza kwenye matope, na kutoka juu ya mteremko nikawaona wachumaji wamepumzika. Njeru alikuwa anamimina. Kwetu kijana hanywi kabla ya mzee, kwa hiyo kikombe cha kwanza alimpa baba yake. Mzee alikuwa na mafua, hakusikia harufu.

"Baba, usinywe!" Nelius alipiga kelele.

Mzee aligeuka kumtazama, lakini alikuwa amekwisha kumeza funda moja. Kikombe kilianguka. Akashika koo.

"Mtieni kidole atapike," alisema mchumaji mmoja, Ruguru.

"Usimguse," Nelius akamwambia. "Imemchoma ikishuka, itamchoma tena ikipanda."

Njeru alimsukutua baba yake mdomo kwa maji. Ndambiri alikuwa barabarani na pikapu yake imejaa majani chai ya kupeleka kwenye kituo cha kukusanyia chai. Hakuuliza swali. Aliyamwaga yote kwenye nyasi, akafungua mlango. Nelius akabeba ile chupa ili daktari aione.

Njiani kwenda Embu, Njeru alimwambia mkewe, "Umemuua baba yangu."

Mzee hakuweza kusema, mate yalikuwa yakimtiririka, lakini alitafuta mkono wa mke wa mwanawe, akaushika. Hakuuachilia mpaka hospitalini.

Hakufa, tunamshukuru Mungu. Lakini koo lilifanya kovu. Githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, haipiti tena, anakunywa supu kidogo kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo kanisani. Siku hizi tukiimba, midomo yake inacheza tu, na Nelius, anayeketi nyuma yake, haimbi pia.

Funzo

Kutengeneza sabuni nyumbani si kosa, wala kuhifadhi chupa si kosa. Lakini chupa iliyobeba kinywaji isibebe sabuni hata siku moja. Tafuta mtungi ambao hakuna mtu atakayedhani ni wa chakula, uandike juu yake kilichomo, uuweke mbali na jikoni. Mtu akimeza, msimtapishe, mkimbizeni hospitali pamoja na chupa. Nelius aliwapenda watu wake. Njeru alimheshimu baba yake. Hayo yote hayakulizuia lile funda moja. Basi ingia jikoni kwako leo, kabla hujapika, ufungue kila chupa.